Kipeperushi, Mboga na Mnyama: Lugha ya Huruma katika Soko la Toi

Utangulizi

Soko la Toi liko ukingoni mwa Kibera, karibu na Barabara ya Ngong, jijini Nairobi. Sifa yake kuu ni mitumba: viatu, makoti na nguo za watoto. Hata hivyo, anayepita katika vijia vyake hukuta pia mafungu ya sukuma wiki, nyanya, maparachichi na magunia ya maharagwe. Wanunuzi wengi hutoka Kibera kwenyewe. Wengine huja kutoka mitaa kama Kawangware, ng'ambo ya barabara hiyo. Makala haya yanajibu swali moja: iwapo mtu atasimama penye lango la soko kama hili akigawa vipeperushi vya kuwatetea wanyama wafugwao, vipeperushi hivyo viseme nini, na kwa Kiswahili gani? Hoja yetu ni kwamba ujumbe huo hautapokelewa ukitafsiriwa tu kutoka ugenini. Sharti uanze na maneno na chakula alivyo navyo mnunuzi tayari.

Asili ya vipeperushi hivi

Mwaka wa 1944, nchini Uingereza, Donald Watson na wenzake waliasisi chama cha watu wasiokula nyama, maziwa, mayai wala zao lolote la mnyama. Ndio walioanzisha neno ambalo hapa tutaliandika vegani. Mwaka wa 1993, nchini Marekani, kikundi cha Vegan Outreach kilianzishwa, na baadaye kikajulikana kwa kugawa vipeperushi vyuoni. Mbinu yenyewe ni sahili. Mgawaji husimama penye msongamano, husalimu, hunyosha mkono wenye karatasi, na habishani na anayekataa. Karatasi hubeba picha chache, maelezo mafupi kuhusu maisha ya mnyama katika ufugaji wa kiwandani, na ombi kwa msomaji. Udhaifu wa mbinu hii nao u wazi: ni vigumu kujua aliyeipokea karatasi kwa adabu tu na aliyebadilika kwa sababu yake.

Kenya nayo haikosi msingi wa kumtetea mnyama. Sura ya 360 ya sheria zake inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo kupita kiasi na kumsafirisha kwa namna ya kumtesa bila sababu. Mfano wa karibu zaidi ni wa punda. Mnamo Februari 2020, serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara baada ya malalamiko ya wizi wa wanyama hao kuzidi, ingawa Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo mwaka wa 2021. Funzo ni kwamba kilio hicho kilitoka pia kwa wachuuzi wa maji na wachukuzi waliopoteza msaidizi wao. Huruma ilipata sauti kwa kuwa ilikuwa imefungamana na riziki.

Utata wa neno "mboga"

Kizingiti cha kwanza ni cha kimsamiati. Aghalabu mtu asiyekula nyama huitwa "mla mboga". Lakini katika matumizi ya kila siku, mboga si majani pekee. Ni chochote kinachoandamana na ugali au wali, yaani kitoweo. Mama akiulizwa mboga ya leo ni nini, anaweza kujibu bila kigugumizi kwamba ni nyama au omena. Kipeperushi kinachosema "kula mboga" kitakubaliwa na kila mtu bila ya kubadilisha chochote. Ni heri basi kitaje vyakula kwa majina: githeri, ndengu, kunde, managu, maharagwe ya nazi.

Kizingiti cha pili ni cha heshima. Jina sukuma wiki lenyewe linaeleza hali ya mlaji: ni chakula cha kuisukuma wiki hadi fedha zipatikane. Kwa familia ambayo hula nyama kwa nadra, nyama ni alama ya sikukuu, ya mgeni na ya nafuu. Kumwambia mtu kama huyo aache nyama, pasipo kukiri kwamba aghalabu ameikosa, ni kumkejeli. Kipeperushi cha busara kitamwonyesha kwamba sufuria yake ya githeri si aibu ya umaskini, bali ni mlo kamili, wenye mahindi na maharagwe yanayokamilishana kwa protini.

Mnyama katika ngeli ya A-WA

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina isiyohitaji kuazimwa. Maneno mnyama na nyama yana shina moja. Kinachoyatenganisha ni kiambishi tu. Aidha, sarufi humweka mnyama katika ngeli moja na binadamu. Twasema "mtoto analia", na vivyo hivyo "kuku analia". Upatanisho hubadilika baada ya kisu: ng'ombe aliyetembea sasa ni nyama inayopimwa kwenye mizani. Mwandishi wa kipeperushi anaweza kujenga hoja nzima juu ya badiliko hilo, na msomaji akaielewa papo hapo, kwa kuwa analitamka kila siku.

Karatasi yenyewe inaweza pia kuwa kielelezo. Katika vizimba vya waya vya kuku wa mayai, nafasi ya kuku mmoja mara nyingi haizidi ukubwa wa karatasi moja ya A4. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya aina hiyo kuanzia mwaka wa 2012. Kipeperushi kikichapishwa kwa kipimo hicho, chaweza kumwambia msomaji: "Unachoshika ndicho chumba chake, maisha yake yote." Hapo hakuna tusi wala lawama, mkono wa msomaji wenyewe unapima.

Karatasi na kumbukumbu

Mgawaji hana budi pia kukumbuka kwamba nchini Kenya karatasi ya mkononi ina historia. Mwaka wa 1982 Pambana, gazeti la siri la wapinzani wa serikali, lilipitishwa kwa hofu mkono kwa mkono. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vikaratasi vya vitisho vilisambazwa katika sehemu kadhaa za nchi, na Soko la Toi lenyewe likateketezwa. Mfanyabiashara aliyepoteza kibanda chake hawezi kulaumiwa akiitazama karatasi ya mgeni kwa shaka. Kwa hiyo salamu itangulie: "Shikamoo mama, pole na kazi," kisha ruhusa iombwe. Picha za damu zikitumiwa kushtua, zitasomwa kama vitisho vingine.

Dini nazo ni mlango ulio wazi. Waadventista Wasabato wamezoea kufundisha ulaji usio na nyama. Waislamu, wakiwemo Wanubi walioishi Kibera kwa zaidi ya karne moja, wanajua agizo la kunoa kisu ili mnyama asiteseke. Mafundisho haya hayamfanyi mtu kuwa vegani, ila yanathibitisha kwamba maumivu ya mnyama ni jambo la kuulizwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba kipeperushi si karatasi tu, bali ni mazungumzo ya sekunde chache baina ya watu wasiojuana. Katika Soko la Toi, mazungumzo hayo yatafaulu yakimheshimu mnunuzi kwanza, yakitaja chakula chake kwa jina, na yakimwacha kuku katika ngeli yake ya A-WA. Huenda mama mboga akaisoma karatasi, kisha akaitumia kufungia dania. Hilo lisimvunje mgawaji moyo. Karatasi itakuwa imefika jikoni, mahali ambapo uamuzi wenyewe hufanywa.