Kioo cha Taa Kikiwa Cheusi, Tazama Kifua Chako



Giza linaingia. Labda unakaa Chamazi, labda Mabwepande. Umeme umekatika, au nguzo bado haijafika kwako. Unatoa taa ya chemli, ambayo wengine huiita kandili. Mtoto anaisogelea ili afanye kazi yake ya shule. Baada ya muda mfupi kioo kinakuwa cheusi na nuru inapungua. Mtoto anazidi kuinama. Anakohoa.

Je, wewe hufanya nini hapo? Watu wengi hupandisha utambi ili nuru iongezeke. Hilo ni kosa. Utambi ukipanda moshi unazidi, na kioo kinazidi kuwa cheusi.

MASIZI YANATOKA WAPI?

Mafuta ya taa yanahitaji hewa ili yaungue vizuri. Yakikosa hewa ya kutosha, hayaungui yote. Sehemu isiyoungua hugeuka kuwa vumbi jeusi, laini sana. Hayo ndiyo masizi. Baadhi yake hushika kwenye kioo. Yaliyobaki hutoka juu ya taa na kuenea chumbani, nawe unayavuta puani. Mtu aliyelala karibu na kibatari huona jambo hili asubuhi anapopenga kamasi. Kamasi ni nyeusi.

Kioo cha chemli hakikuwekwa kwa ajili ya kuzuia upepo tu. Hewa ya moto hupanda juu ndani ya kioo, na inapopanda huvuta hewa mpya kutoka chini kupitia vitundu vidogo vilivyo karibu na utambi. Kibatari hakina kioo wala vitundu. Ndiyo sababu kinatoa moshi mwingi kuliko chemli.

Basi kioo cheusi kinakupa habari. Kinakuambia kwamba mafuta hayaungui vizuri. Ukifuta kioo bila kuondoa sababu, kesho kitakuwa cheusi tena.

JINSI YA KUSAFISHA KIOO

1. Safisha mchana, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Kioo cha moto kikiguswa na maji hupasuka.

2. Toa kioo polepole. Kifute kwanza kwa kitambaa kikavu au karatasi. Gazeti hili pia linafaa, lakini ulisome kwanza!

3. Masizi yakigoma, osha kwa maji na sabuni. Unaweza pia kutumia majivu laini yaliyochekechwa, yakiwa na maji kidogo. Usitumie mchanga. Mchanga hukwaruza kioo, na kioo chenye mikwaruzo hupasuka upesi.

4. Usisukume mkono kwa nguvu ndani ya kioo. Funga kitambaa kwenye kijiti, ukitumie kijiti hicho.

5. Suuza, kisha acha kioo kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

JINSI YA KUONDOA SABABU

Kata ncha ya utambi iliyoungua. Tumia mkasi, ukate kwa usawa. Utambi uliopinda hutoa mwali wenye pembe, na pembe hiyo ndiyo inayopaka kioo masizi upande mmoja.

Safisha vitundu vya hewa kwa brashi kavu. Ondoa vumbi na wadudu waliokufa humo.

Unapowasha, anza na mwali mdogo. Kioo kikishapata joto, pandisha utambi kidogo kidogo. Ukiona mwali unatoa ncha ya moshi, teremsha.

Tumia mafuta ya taa tu. Usichanganye na petroli hata kidogo, kwa maana taa inaweza kulipuka. Usijaze mafuta taa ikiwa inawaka.

Kumbuka pia mfuko wako. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwazuia watu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Tangu hapo mafuta ya taa si rahisi tena. Taa inayotoa moshi inakula fedha zako na kukupa giza.

AFYA YA WATOTO

Moshi huwasha macho na hudhuru mapafu. Watoto wadogo huumia zaidi. Mtoto anayekaa katika moshi kila siku hupata nimonia kwa urahisi. Ukiona anapumua haraka haraka, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kesho. Mpeleke zahanati.

Usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto atadhani ni kinywaji. Akiyanywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Mpeleke zahanati mara moja.

MOSHI USIOONEKANA

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Jiko la mkaa uliokolea halitoi moshi mwingi. Halipaki kioo masizi. Kwa hiyo mtu huliingiza chumbani wakati wa mvua, hufunga mlango na dirisha, na kulala. Mkaa huo unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na anaweza kufa usingizini. Kioo kitakuonya juu ya masizi, lakini sumu hii haina wa kukuonya. Jiko la mkaa likae nje au mahali penye hewa nyingi. Usilale nalo kamwe.

Ukipata uwezo, nunua taa ya jua. Haina moshi wala haihitaji mafuta. Kwa leo, anza na hiyo taa uliyo nayo. Kitambaa, mkasi na dakika chache za mchana vinatosha. Usiku mtoto wako atasoma katika moshi uliopungua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kupandisha utambi hakuondoi giza la kioo cheusi?

2. Nyumbani kwako mafuta ya taa yanawekwa wapi? Je, mtoto anaweza kuyafikia?

3. Jirani yako analala na jiko la mkaa chumbani. Utamwambia nini leo?