Wanyama wa sakafu ya msitu na hukumu ya nyama ya tanzi

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba wake na kila anayefuata mwongozo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama wa nchi kavu na ndege wa angani nao ni umma mfano wetu, na kwamba marejeo yao ni kwa Mola wao. Tuisikiapo aya hii, fikra zetu huwaendea mbuzi na kuku tunaoishi nao, au simba na tembo ambao watoto wetu huwaona katika televisheni. Leo tuuangalie umma mwingine usioonekana kwa urahisi, nao ni wanyama waishio chini, katika sakafu ya misitu ya mvua, hasa ile ya milima ya Udzungwa katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Kuwaangalia kwetu kuna mazingatio, na pia kuna suala la halali na haramu linalofika hadi ndani ya sufuria zetu.

Umma ulio juu ya majani makavu

Ndani ya msitu wa mvua, miti mirefu huzuia jua, na chini hutandikwa zulia la majani yaliyopukutika. Aya ya 59 ya sura hiyo hiyo inatueleza kuwa hata jani moja halianguki bila ya Mwenyezi Mungu kulijua. Juu ya majani hayo ndiko aishiko sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza mfano wa mkonga, ambayo huipenyeza chini ya majani akitafuta wadudu na minyoo.

Mwaka 2005, kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama apitapo zilipata picha za sange asiyejulikana na wanasayansi, katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa ni aina mpya. Uso wake ni wa kijivu na uzito wake ni gramu 700 hivi, naye ni mkubwa kuliko masange wengine wote wanaojulikana. La ajabu zaidi, elimu ya leo inaonyesha kuwa nasaba yake iko karibu na tembo na pimbi kuliko kirukanjia anayefanana naye kwa umbo.

Ndugu yake mwenye rangi ya dhahabu kiunoni anaishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Waliomchunguza wanaeleza kuwa dume na jike hushirikiana eneo moja, hujenga viota vya majani ardhini, na jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Amwonapo adui, hupiga mkia wake juu ya majani makavu kumjulisha kuwa ameshaonekana. Ni nani aliyemfunza hayo, kama si Yule ambaye, kwa mujibu wa Surat Hud, aya ya 6, riziki ya kila kiumbe iko juu Yake na anayajua makao yake?

Katika sakafu hiyo hiyo yumo minde, mnyama wa jamii ya paa, mweusi wa hudhurungi, mwenye kishungi chekundu utosini, anayeweza kuzidi kilo 50. Hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania. Paa wa msituni hula matunda yaliyoanguka, yakiwemo yale yanayodondoshwa na kima walio juu ya miti. Naye panya buku hubeba mbegu mashavuni na kuzifukia, na zile asizozirudia huota. Kwa njia hiyo msitu hujipanda wenyewe kwa idhini ya Mola wake. Kutoka milima hiyo unateremka mto Kihansi, ambao maji yake huzalisha umeme. Taa ya sebuleni kwetu ina uhusiano na mbegu aliyoifukia panya asiyetujua.

Tanzi halichagui

Pamoja na hayo, umma huu unaangamizwa na kitu kidogo mno, nacho ni tanzi la waya au kamba linalotegwa katika vijia vya wanyama. Tanzi halichagui mkubwa wala mdogo, wala jike aliyeacha mtoto kiotani. Mtegaji asiporudi mapema, mnyama hukaa humo akiteseka hadi kufa. Watafiti waliolinganisha misitu ya Udzungwa wamekuta kuwa pale uwindaji ulipokithiri, wanyama wamepungua mno kuliko pale penye ulinzi. Huko Unguja, paa nunga alikadiriwa kufikia maelfu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 makadirio yalishuka chini ya elfu moja, kwa kuwindwa na kukatwa misitu.

Uislamu haukuharamisha kuwinda. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo kwa masharti yake. Lakini aya ya 3 ya sura hiyo imemtaja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kunyongeka, yaani al-munkhaniqa, miongoni mwa vilivyoharamishwa, ila akiwahiwa kuchinjwa. Hivyo basi, mnyama aliyekutwa amekufa katika tanzi ni kibudu, hata kama mtegaji alisema Bismillahi alipotega. Akikutwa na uhai uliothibiti akachinjwa kisheria, huyo amewahiwa, ingawa dhambi ya mateso na ya kuvunja sheria ya nchi hubaki shingoni mwa mtegaji.

Wapo wanaojitetea kwa hadithi ya Bibi Aisha (RA) iliyopokewa na Bukhari, kuhusu watu walioletewa nyama wasijue kama imetajiwa jina la Allah, wakaamrishwa wapige Bismillahi wenyewe na wale. Hadithi hiyo inahusu nyama ya watu waliosilimu karibuni, ambao dhana njema kwao ni kuwa wamechinja. Haimfai anayenunua usiku, kwa bei ya kutupa, nyama kavu ambayo anajua fika imetoka katika tanzi. Mwenye njaa ya kuhofia kufa ana hukumu yake mwishoni mwa aya hiyo ya 3, lakini ruhusa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya biashara.

Tukumbuke pia kuwa Mtume (SAW) alitueleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na katika hadithi ya Abu Daud, masahaba walipochukua makinda wawili wa ndege, mama yao akawa anapigapiga mbawa kwa huzuni, Mtume (SAW) aliamrisha arudishiwe wanawe. Ikiwa hiyo ndiyo huruma kwa paka na ndege, ni vipi kwa minde aliyenasa mguu siku tatu?

Wajibu wa familia

Kwanza, baba aulize nyama inayoingia nyumbani imechinjwa wapi na nani, na mama asione haya kuirudisha yenye shaka. Pili, tuwafundishe watoto majina ya viumbe hawa na adabu ya kuwaacha katika makao yao. Tatu, walimu wa madrasa na maimamu walio jirani na misitu wailete hukumu ya kibudu mimbarini, kwani wapo wanaotega kwa kutojua. Aidha, wenye uwezo wawasaidie jirani zao wahitaji kwa zaka na sadaka, ili njaa isiwe ndiyo inayowapeleka msituni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) atulishe kilicho halali na atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana Yake. Aamin. Wabillahi tawfiq.