Vinara na Wavuta Mkia wa Utajiri Duniani

Ukizipanga nchi kwa pato la kila mtu kama msimamo wa ligi, Luxembourg hukaa kileleni au karibu na kilele kila msimu, ikiwa na zaidi ya dola 120,000 kwa mtu kwa mwaka. Mkiani hupokezana Burundi na Sudan Kusini, zenye dola mia chache tu. Hata hivyo, kinara huyo anabebwa kidogo na hesabu: karibu nusu ya wafanyakazi wake wanaishi Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Asubuhi wanavuka mpaka, wanazalisha, jioni wanarudi kwao. Jasho lao linahesabiwa, vichwa vyao havihesabiwi. Burundi nayo ina mzigo ambao jedwali haliuonyeshi. Haina bahari, hivyo kontena lake hushushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye lori hadi Bujumbura, na nauli ya safari yote hiyo anailipa mnunuzi wa sukari dukani.

Basi tuseme bahari ndiyo siri? Subiri kidogo.

Aliyetoka mbali zaidi

Botswana nayo haina bahari. Ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966, nchi hiyo inayokaribiana na Kenya kwa ukubwa ilikuwa na kilometa 12 tu za lami na wahitimu 22 wa chuo kikuu. Kwa takriban miongo mitatu iliyofuata, uchumi wake ulikuwa miongoni mwa chumi zilizokua kwa kasi kubwa kuliko zote duniani. Wengi hukimbilia kujibu: almasi. Lakini Sierra Leone ilianza kuchimba almasi miaka ya 1930, na zikaishia kugharimia vita.

Mimi natazama mwaka 1967. Almasi ziligunduliwa Orapa, katika eneo la Bangwato, watu ambao Rais Seretse Khama alizaliwa kuwa mrithi wa kiti chao cha uchifu. Mwaka huohuo ikapita sheria ya madini iliyohamisha haki ya kilichomo ardhini kutoka kwa makabila kwenda kwa taifa zima. Yaani mtu aliyekuwa na kila kisingizio cha kuwaachia wa kwao utajiri ule aliutia kwenye mfuko wa wote. Kisha mwaka 1975 serikali ikarudi mezani na kampuni ya almasi ya De Beers, na hisa za serikali migodini zikapanda kutoka asilimia 15 hadi 50. Pesa zikaenda kwenye barabara, shule na zahanati. Siku hizi almasi za maabara zimeiharibia soko, na mwaka 2024 wapiga kura walikiondoa chama kilichokuwa madarakani kwa miaka 58. Kilikubali matokeo, kikaondoka.

Waliopaa ghafla

Mwaka 1997 uchumi wa Guinea ya Ikweta ulikua kwa takriban asilimia 150, kwa sababu ya mafuta. Nchi hiyo ina rekodi nyingine pia: Rais Teodoro Obiang, aliyeshika madaraka Agosti 1979, ndiye mkuu wa nchi asiye mfalme aliyekaa muda mrefu kuliko wote walioko madarakani. Mwanawe, ambaye ni makamu wake, alitiwa hatiani na mahakama ya Ufaransa kwa ubadhirifu wa fedha za umma, na miongoni mwa mali zilizotajwa ni jumba la fahari Avenue Foch, Paris. Wananchi wengi wamebaki maskini.

Guyana ndiyo iliyofuata njia hiyo ya mafuta, ikikua kwa zaidi ya asilimia 60 mwaka 2022. Mkataba wake na ExxonMobil unaipa mrabaha wa asilimia 2, na unaruhusu hadi asilimia 75 ya mafuta kufidia gharama kabla ya faida kugawanywa nusu kwa nusu.

Norway ilipata mafuta mwaka 1969 na haikuwa na papara. Mfuko wake wa akiba, mkubwa kuliko wote wa aina yake duniani, una zaidi ya dola trilioni 1.7, na serikali imejiwekea kanuni ya kutumia takriban asilimia 3 tu kwa mwaka.

Aliyeanguka kutoka juu kabisa

Nauru, kisiwa cha kilometa za mraba 21 katika Pasifiki, kilikuwa miongoni mwa nchi zenye pato kubwa kabisa kwa kila mtu miaka ya 1970, kwa kuuza fosfeti ya mbolea. Fedha zilijenga jengo la ghorofa 52 Melbourne. Mwaka 1993 ziligharimia hata tamthilia ya muziki London kuhusu Leonardo da Vinci, ambayo ilifungwa baada ya wiki chache. Fosfeti ikapungua, jengo likauzwa mwaka 2004. Katikati ya kisiwa pamebaki magenge ya chokaa yaliyochongoka, hapalimiki wala hapajengeki.

Mwenye mali isiyomfaa

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako pato la mtu halifiki dola 1,000 kwa mwaka. Katika mji wa Kolwezi nchini humo, mchimbaji mdogo anayeongea Kiswahili hubeba gunia lake hadi depo ya mnunuzi. Mizani ni ya mnunuzi, kipima madini ni cha mnunuzi, na bei anaitaja mnunuzi.

Saini ghali kuliko zote

Haiti ilijikomboa kutoka utumwani ikawa huru mwaka 1804. Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zilitia nanga mbele ya Port-au-Prince na sharti: lipeni faranga milioni 150 kuwafidia waliopoteza mashamba na watumwa, au mizinga ifyatuliwe. Haiti ikasaini, ikakopa benki za Paris ili kuilipa Paris. Baadaye kiasi kikapunguzwa hadi milioni 90. Malipo yaliyotokana na saini ile yalimalizika mwaka 1947.