Kwa nini dafnia mkubwa hula usiku? Siri iko kwa sinia yako ya omena

Ukitoka Gikomba na gorogoro ya omena, usikimbilie kuosha. Mwaga kidogo kwenye sinia uangalie. Mbali na omena wenyewe, wakati mwingine utapata kamba wadogo sana, wale wanaoitwa ochonga, na pengine mtoto wa mbuta, urefu wa kidole chako. Kwa sufuria, wote ni mboga. Lakini ziwani, saizi ya mwili ndiyo ilikuwa ikiamua nani anakula nini, wapi na saa ngapi.

Tuanze na wale ambao hata huwaoni. Omena hula viumbe wadogo wanaoelea majini, wakiwemo dafnia, ndugu wa mbali wa kamba. Wengi wao wana milimita chache tu. Dafnia hupiga miguu yenye manyoya na kuchuja mwani, kama kichungi cha chai. Mkubwa huchuja maji mengi zaidi, na humeza chembe ambazo mdogo hawezi. Kwa hesabu hiyo, wakubwa wangewamaliza wadogo kwa njaa.

Shida ni kwamba mkubwa anaonekana. Samaki wengi wanaowala huwinda kwa macho. Kwa hivyo katika maziwa mengi, dafnia wakubwa hushuka kwenye giza mchana, kusiko na chakula kingi, kisha hupanda kula usiku. Ni kama kibanda cha chipsi kiwe mkabala na duka la mtu anayekudai: njaa unayo, pesa unayo, lakini unangoja afunge. Wadogo huweza kubaki juu mchana, maana ni vigumu kuwaona.

Watafiti John Brooks na Stanley Dodson walionyesha uzito wa jambo hili mwaka wa 1965. Walilinganisha viumbe wa Crystal Lake, Connecticut, Marekani, waliochotwa 1942 na wale wa 1964. Katikati hapo, samaki wa jamii ya heringi walikuwa wameingia ziwani humo. Wale viumbe wakubwa walikuwa karibu wametoweka, na wadogo ndio waliotawala. Hawakushindwa kutafuta chakula. Waliliwa.

Sasa rudi Ziwa Victoria umtazame mbuta. Huyu anaweza kufikisha kilo 200, lakini akiwa mchanga anakula vidudu vilevile vya omena, yaani ni majirani wanaogombania sahani moja. Akikua kidogo anahamia kwa ochonga. Akizidi, anakula samaki, omena wakiwemo, hata watoto wa mbuta wenzake. Humeza windo zima, kwa hivyo mdomo wake ndio mpaka wake. Tena, mwili mkubwa ukifukuza kidudu cha milimita mbili unapoteza nguvu kuliko unazopata. Jirani amegeuka mwindaji bila kubadilisha jina.

Ndiyo maana yule mtoto wa mbuta kwenye sinia ananisumbua. Sheria inakataza kuvua mbuta wa chini ya sentimita 50, ila wavu wa matundu madogo hauulizi umri. Huyu ametolewa akiwa bado anakula vidudu, hajawahi kuonja omena wala kuzaa. Muulize muuzaji amefikaje hapo. Atakuambia hiyo ni nyongeza, bure.