Utangulizi: Skeitibodi, Kamera na Jua la Masinga

Kurekodi video za skeitibodi ni fani ambayo wengi huiingia bila kujua kwamba ni fani. Kijana ana ubao wake wa magurudumu, mwenzake ana simu. Wanarekodi mchana kutwa, na jioni wanapoitazama video wanashangaa mbona saruji imeungua kwa weupe na uso wa mchezaji hauonekani. Kitabu hiki kimetokana na swali hilo, na sioni mahali pazuri pa kulisomea kuliko Masinga, Kenya.

Mchezo huu umelelewa na kamera. Mwaka 1984 kampuni ya Powell Peralta ya Marekani ilitoa kanda iitwayo The Bones Brigade Video Show, na vijana wasiowahi kukutana na bingwa yeyote wakajifunza mitindo kwa kurudisha kanda nyuma. Mwaka 1995 ikaja kamera ya Sony VX1000, ambayo wapigaji video wa skeitibodi waliing'ang'ania miaka mingi hata baada ya nyingine bora kutoka. Kwetu Afrika Mashariki, vijana wa Kitintale, Kampala, walijijengea uwanja wa saruji katikati ya miaka ya 2000, na Nairobi ukajengwa ule wa Shangilia, Kangemi. Ilipofika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, skeitibodi ilikuwa mashindano ya medali.

Sasa jua. Masinga iko karibu nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini, tena yapata saa sita na nusu, si saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki nasi tuko magharibi yake. Vitabu vya ughaibuni humshauri mpigaji asubiri mwanga laini wa jioni. Kwa mtu wa London ni ushauri wa maana: mwezi Juni jua la huko huchukua karibu dakika 50 kushuka nyuzi 6 za mwisho. Hapa ni dakika 25 hivi. Ufagie changarawe, ujaribu mruko, uanguke, uinuke, giza limeshaingia. Mwanafunzi wa Masinga hana budi kuujua mwanga wa mchana.

Kanuni ya kuanzia ni ya wapigapicha wa zamani: jua likiwa kali bila wingu, weka tundu la lenzi f/16, ISO 100, na shata 1/100 ya sekunde. Simu ya kawaida haina uhuru huo. Tundu lake halibadiliki, mara nyingi ni f/1.8 hivi, kwa hiyo hata ISO ikishushwa hadi 50, shata hulazimika kukimbilia karibu 1/4000. Kwa kasi hiyo kila fremu hutoka kali kabisa, magurudumu yameganda, na mwendo mzima hukatikakatika. Dawa yake ni kichujio cha kijivu kinachovishwa juu ya lenzi. Cha ND16 huruhusu moja ya kumi na sita tu ya mwanga, na ile 1/4000 hushuka hadi 1/250.

Kuhusu shata wataalamu hawaelewani. Mafundi wa sinema hushikilia kwamba ukirekodi fremu 50 kwa sekunde, shata iwe 1/100. Mimi naona hiyo inamnyima haki mchezaji anayeuzungusha ubao hewani. Ukungu ukizidi, mtazamaji hajui ubao umezunguka mara moja au mbili. Naipendelea 1/250, na wanaonipinga nimewapa nafasi katika sura ya tatu.

Lakini kiini cha somo hili ni uso. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kikiona saruji nyeupe na anga tupu, hupunguza mwanga, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayelipa. Jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyechapisha kazi yake mwaka 2009, anaeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu za Kodak ziboreshwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia zao zitofautiane. Wateja weusi walikuwapo wakati wote huo.

Saruji ile ile inayoihadaa kamera inaweza kumsaidia mpigaji. Mchana hurudisha mwanga kutoka chini, ukaingia hadi chini ya kofia ya mchezaji, mahali ambapo jua la utosini halifiki. Ndiyo sababu ya kuishika kamera karibu na ardhi, mradi tu anga lisijaze fremu. Na jioni, ukimfuata mchezaji kwa nyuma huku jua liko mgongoni pako, angalia kivuli chako: kitamfikia kabla yako.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, nakuomba utoke nje saa saba mchana na mwenzako mwenye ubao. Rekodi mruko mmoja ukiiachia simu ijiamulie. Rekodi wa pili ukiwa umebonyeza uso wake kwenye kioo, ukashikilia mpaka mwangaza ufungwe, kisha ukateremsha kidogo alama ya jua. Zihifadhi zote mbili, maana mazoezi ya sura hiyo yanazihitaji.