Sura Tano Zilizoukamata Ulimi Wangu

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji: ni neno gani baya kuliko yote uliyowahi kumwambia mwenzio?

La kwangu nalikumbuka vizuri. Ilikuwa Agosti 2020, nyumbani kwetu Tabata, saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza. Mara giza. Uniti za LUKU zimeisha. Watoto wakapiga kelele, na mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, una salio kwenye simu tununue umeme?" Mbele ya watoto, na mbele ya shemeji yangu aliyekuja kutusalimia kutoka Singida, nikamjibu: "Hata LUKU nayo mpaka mimi? Kwani humu ndani mwanaume ni nani?"

Hakujibu. Shemeji akajifanya anatafuta viatu vyake gizani. Mume wangu alilala sebuleni, na alfajiri akaondoka na begi dogo kwenda kwa kaka yake Kibaha. Alikaa huko siku tisa. Majirani niliwaambia kasafiri kikazi, na kila aliyesikia alijua nadanganya, maana kazi yenyewe hakuwa nayo.

Turudi nyuma kidogo. Mume wangu alikuwa kwenye kampuni ya kukata tiketi za ndege na kupangia wageni safari za mbugani. Corona ilipoingia, Machi 2020, simu za wageni zikageuka kuwa simu za kudai warudishiwe pesa zao. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Zilifunguliwa tena Mei 18, lakini watalii hawarudi kwa tangazo. Kwanza aliambiwa apumzike bila mshahara, na Juni ikaja barua ya kumuaga. Mimi niko benki, mshahara wangu haukuguswa. Kodi, ada za watoto wawili, chakula, nauli, vyote vikawa juu yangu.

Na kanisani je? Hapo ndipo penye aibu. Makanisa hapa kwetu hayakufungwa, kwa hiyo sikukosa Jumapili hata moja. Sare ya kwaya imenyooshwa, bahasha ya ahadi imetiwa, tabasamu lipo. Lakini moyoni nilishaacha kuomba. Yaani nilikuwa nimemnunia Mungu kama unavyomnunia mtu uliyemkopesha halafu hapokei simu. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, nilipata kipaimara nikiwa na miaka 15, Katekismo Ndogo naijua kwa kichwa. Kumbe mtu anaweza kuijua Katekismo na bado akawa ndiye anayeogopwa kuliko wote nyumbani kwake.

Siku ya sita tangu mume wangu aondoke, mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yetu, mjane, alinipitia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mumeo hajambo huko safarini?" Alivyolitamka neno "safarini" nikajua anajua. Hakunihubiria. Alikunywa chai, na wakati wa kuondoka akaniambia nisome Waraka wa Yakobo. "Ni mfupi. Ukiumaliza, anza tena."

KIOO

Ni kweli ni mfupi: sura tano, aya 108. Unaweza kuumaliza kwenye daladala kati ya Posta na Tabata, tena foleni ikiwa ya kawaida unaurudia. Nilianza hivyo, kwenye daladala, na sitakuficha, mara ya kwanza niliusoma kwa ajili ya mume wangu. Kila aya niliibandika jina lake. Hii ya uvivu ni yake, hii ya kukosa imani ni yake. Alipokubali kurudi nilimpokea na Biblia mkononi, nikiwa na pendekezo zuri kabisa: tuwe tunasoma pamoja kila usiku. Aliniangalia, akasema, "Usinisomee mimi hiyo Biblia. Jisomee wewe kwanza."

Iliniuma. Lakini kesho yake kwenye daladala nikafika pale katika sura ya kwanza ambapo Yakobo anamfananisha mtu anayelisikia Neno asilitende na mtu anayejitazama uso kwenye kioo, akishaondoka anasahau yukoje. Kwa mara ya kwanza nilijiona mimi. Mimi niliyetumia kioo kama dirisha la kumchungulia jirani.

Kuna jambo kuhusu huyu Yakobo ambalo lilinisaidia sana. Kwa mapokeo ya Kanisa, aliyeandika waraka huu ni Yakobo ndugu yake Bwana, yule anayetajwa katika Marko sura ya sita. Wapo wasomi wanaobishia hilo, na ubishi wao hauniumizi kichwa. Injili ya Yohana inasema wazi kwamba ndugu zake Yesu hawakumwamini wakati alipokuwa anatembea nao. Ni baada ya ufufuo ndipo Paulo anamtaja Yakobo kati ya waliotokewa. Baadaye akawa nguzo ya kanisa la Yerusalemu, na mwanahistoria Myahudi Josephus ameandika jinsi alivyouawa kwa kupigwa mawe, mnamo mwaka 62. Kwa hiyo huyu anayetuambia tusikate tamaa alianza kama ndugu asiyeamini, ndani ya nyumba moja na Yesu mwenyewe. Nikasema moyoni, basi hata mimi wa kwaya naruhusiwa kuanza upya.

(Walutheri wenzangu watacheka. Luther mwenyewe hakuupenda sana waraka huu. Katika dibaji ya Agano Jipya lake la 1522 aliufananisha na majani makavu. Nadhani hakuwahi kuishiwa LUKU.)

WIKI TANO

Baada ya wiki mbili hivi mume wangu ndiye aliyeuliza, "Umefika wapi?" Tukakubaliana sura moja kwa wiki, hiyo hiyo kila siku, ili ituingie. Mimi nashika ile Biblia ya Union ya 1952, yeye Habari Njema, kwa sababu anasema Kiswahili cha Union kinamfanya ajione yuko mahakamani. Utaratibu wenyewe haukuwa wa ajabu: kusoma, kisha kila mmoja anasema aya moja inayomhusu yeye mwenyewe. Ukiitaja inayomhusu mwenzio, unaosha vyombo.

Niliosha sana vyombo.

Sura ya pili ilinipiga nisipotegemea. Pale Yakobo anamzungumzia mtu anayemwona ndugu yake hana nguo wala chakula, akamtakia heri, amani, akaote moto, na asimpe kitu. Miezi yote ile nilikuwa nawaomba wanajumuiya wamwombee mume wangu apate kazi. Na mimi, mtu wa benki, ninayeshinda mbele ya kompyuta, sikuwahi hata siku moja kukaa naye tuandike wasifu wake upya. Tuliuandika Jumamosi ile. Kazi haikupatikana kwa wasifu ule, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa kukaa mezani bega kwa bega badala ya uso kwa uso.

Halafu ikaja sura ya tatu. Lijamu mdomoni mwa farasi, usukani mdogo unaogeuza merikebu kubwa, cheche inayoteketeza msitu. Aliyewahi kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni anaelewa habari ya usukani. Kilichonishtua ni kwamba Yakobo hajidanganyi: anasema wanyama wa kila aina wamefugwa na binadamu, ila ulimi hakuna awezaye kuufuga. Nikamuuliza mchungaji wetu, sasa kama haufugiki tunasoma ili iweje? Akanirudisha sura ya kwanza, pale penye kuwa mwepesi wa kusikia, mzito wa kusema na mzito wa kukasirika. Akasema dada, huwezi kuufuga, lakini unaweza kuuchelewesha.

Kuuchelewesha nilikuweza. Nilianza kusimama dakika mbili nje ya geti nikitoka kazini, kabla ya kubisha. Mlinzi wa jirani alidhani nimesahau ufunguo. Mume wangu naye akaongeza lake, ambalo kwa Yakobo halimo: mambo ya pesa hayazungumzwi baada ya saa tatu usiku. Yanasubiri Jumamosi asubuhi, chai mezani, daftari mezani. Wenye ndoa changa, hilo nawapa bure.

Usidhani ilikuwa mteremko. Wiki hiyo hiyo ya sura ya tatu, Alhamisi, niliteleza tena. Ada ilikuwa inadaiwa, na neno lilinitoka lenye uchungu kama lile la kwanza, tofauti tu halikuwa na mashahidi. Nilisikia aibu mara mbili, maana nilikuwa nimelisoma Neno lenyewe asubuhi. Nilitaka tuache zoezi zima. Ndiye aliyekataa. Alifungua Biblia yake saa nne usiku, hatuongei, akasoma sura ya tatu yote kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesoma bei za sokoni, akaifunga, akalala. Sijui kama nimewahi kumpenda kuliko usiku ule.

Sura ya nne, nakiri, tuliipita haraka. Ile ya mipango ya kesho na biashara na faida, na maisha kuwa kama mvuke. Mwaka 2020 hakuna aliyehitaji kuambiwa.

KUVUMILIA GANI?

Sura ya tano ndiyo yenye mkulima anayeyasubiri mazao ya nchi mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Kule Palestina mvua ya kwanza huanguka Oktoba na Novemba na kulainisha udongo. Ya mwisho huja Machi na Aprili kujaza nafaka. Ukiangalia miezi hiyo utadhani Yakobo anazungumza na watu wa vuli na masika. Baba yangu analima mahindi Kilosa, na sijawahi kumwona akisubiri mvua amekaa. Anapalilia. Anafukuza nyani. Anaenda shambani hata siku ambayo hakuna cha kufanya, anatazama tu. Nilikuwa nimeelewa vibaya neno kusubiri.

Mchungaji alitueleza kwamba katika Kigiriki cha waraka huu kuna maneno mawili yanayokaribiana. Moja, la mkulima, ni ile subira ya mtu asiye mwepesi wa hasira. Lingine, linalotumika kwa Ayubu, maana yake ya asili ni kubaki chini ya mzigo, usiutupe ukakimbia. Na Ayubu, jamani, hakubaki kimya! Kitabu chake kina sura 42, na sehemu kubwa ni yeye akilalamika, akibishana na rafiki zake, akimtaka Mungu amjibu. Mimi nilidhani kuvumilia katika imani ni kunyamaza na kuvaa tabasamu la Jumapili. Ayubu alibaki kwa kuongea. Kununa kwangu kwa miezi ile ndiko kulikuwa kukimbia.

Hapa lazima niseme kitu, kwa sababu najua nani anasoma ukurasa huu. Kwenye kitchen party yangu niliambiwa "vumilia mwanangu, ndoa ndoano" mara nyingi kuliko nilivyopewa masufuria. Neno hilo limewaficha wanawake wengi wanaopigwa. Dada, kama unapigwa, Waraka wa Yakobo haukwambii ubaki hapo upigwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Nenda dawati la jinsia polisi, nenda kwa ndugu, nenda kwa mchungaji anayesikiliza. Mzigo wangu ulikuwa umaskini wa ghafla na ulimi wangu mwenyewe. Huo ndio niliotakiwa kubaki chini yake.

Tumeurudia Yakobo mara ngapi tangu hapo, sina hesabu. Tumeenda kwa Petro pia, ile orodha ya waraka wake wa pili inayoanzia kwenye imani, inapitia kiasi na saburi, mpaka ifike upendo. Nilitarajia upendo ungekuwa karibu na mwanzo. Uko mwisho kabisa. Bado mimi nahangaika kwenye kiasi.

Kazi ya ndege hakuirudia. Novemba 2021 alifungua kibanda cha wakala wa pesa za simu karibu na kituo chetu cha daladala, kwa akiba yangu na mkopo mdogo wa kaka yake. Kipato chake bado ni kidogo kuliko changu, na kuna Jumamosi daftari linatutia jasho wote wawili. Kati ya vitu anavyouza hapo kibandani, usicheke, ni umeme wa LUKU.

Juzi jioni mita ilianza kulia ile tii, tii ya kuishiwa. Nilikuwa nakunja nguo na mwanangu wa pili, ambaye usiku ule wa 2020 alikuwa na miaka mitano. Akaniwekea mkono begani haraka haraka, akasema, "Mama, usiseme kitu. Baba anakuja."

Nilimwambia sisemi. Nikaenda jikoni, nikakaa kidogo kwenye kigoda, mpaka niliposikia geti.