Vanishi ya kila sikukuu ndiyo inayoozesha kibaraza cha mbao

NI desturi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar kwamba sikukuu inapokaribia, kuta hupakwa rangi na kila kilicho cha mbao hupigwa vanishi. Kwa meza ya sebuleni desturi hiyo haina madhara makubwa. Lakini kwa kibaraza au roshani ya mbao iliyoko nje, inayochomwa na jua na kunyeshewa mvua, vanishi hiyo inayong'aa mara nyingi ndiyo inayoiozesha.

Jambo hili huwashangaza wenye nyumba, kwa kuwa wao huamini kwamba wanaikinga mbao yao. Kibaraza huonekana kizima kwa juu mpaka siku mguu wa mgeni unapozama ndani ya sakafu. Fundi akiitwa akaubandua ubao huo, hukuta kwamba chini ya mng'aro mbao imekuwa laini kama mkate uliolowa.

Sababu yake ni hii. Vanishi ikikauka huwa utando mgumu juu ya mbao. Mbao yenyewe haitulii: hunyonya unyevu wakati wa masika ikatanuka, kisha hunywea wakati wa kiangazi. Utando usioweza kunyumbuka pamoja nayo hupasuka, kwanza kwenye maungio na penye vichwa vya misumari, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Maji huingia kupitia nyufa hizo, na yakishaingia hayapati pa kutokea, maana utando uliosalia huyafunika.

Kuvu inayoozesha mbao haiwezi kuishi bila maji. Mbao ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu haiozi, hata ikae miaka mia moja. Unyevu ukifikia kiasi cha asilimia 30 na kubaki hapo kwa muda mrefu, kuvu hustawi. Hivyo, kupaka vanishi mpya juu ya ile ya zamani iliyopasuka ni sawa na kufunika chungu chenye maji kwa mfuniko mzito zaidi.

Jua nalo lina lawama yake, ingawa ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mionzi yake ya urujuanimno huvunja ligini, ambayo ni gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na ubao hugeuka kuwa wa kijivu. Hilo ni badiliko la ngozi tu, kwani ukiikwangua ngozi hiyo utaikuta mbao nzima chini yake. Mwandishi wa makala haya haoni ubaya wowote wa rangi hiyo ya kijivu, na anayeipenda anaweza kuiacha.

Watu wa pwani waliokaa na mbao muda mrefu kuliko wengine wote, yaani mabaharia na waunda vyombo, hawakuzoea kuvifunika vyombo vyao kwa utando. Jahazi hupakwa sifa, mafuta yatokanayo na maini ya papa, ambayo hupenya ndani ya mbao, na chini ya mkondo wa maji hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya muda bila ya kubandua chochote, kwa sababu mafuta hayaachi ganda. Harufu ya sifa haimfai mtu anayetaka kunywa kahawa kibarazani, lakini kanuni yake ndiyo ile ile inayofuatwa na mafuta ya kisasa ya mbao za nje.

Kutoka huko huko vyomboni tumepata pia neno tunalolitumia kila asubuhi: kupiga deki. Deki ni sakafu ya meli, na mabaharia waliiosha kwa maji ya bahari ili mbao zivimbe na kuziba maungio yake. Nyumbani hali ni kinyume. Kibaraza hakihitaji kuziba, kinahitaji kukauka, na ndoo ya maji matamu inayomwagwa juu yake kila siku hukifupishia maisha. Ufagio watosha kwa siku za kawaida.

Kabla ya kununua mafuta au msasa, mwenye nyumba anashauriwa kuanza kwa kuchungulia chini ya kibaraza. Je, hewa inapita? Je, nguzo zimesimama juu ya zege, au zimechimbiwa moja kwa moja kwenye udongo ambako mchwa huzifikia bila ya kuonekana? Kati ya ubao na ubao kunatakiwa kuwe na nafasi ya milimita tatu hadi sita ili maji yapite. Nafasi hizo zikijaa majani na mchanga, hugeuka kuwa mifereji ya kutunzia unyevu.

Kisha ichukuliwe bisibisi na kudunga mbao kwenye ncha zake, penye misumari, na pale zinapolalia boriti. Mbao nzima hukataa. Iliyooza huipokea bisibisi bila ubishi, na ubao wa namna hiyo haufai kupakwa kitu. Ukatwe na kuwekwa mwingine, kwa kuwa hakuna mafuta yanayofufua mbao iliyooza.

Aina ya mti ina maana kubwa hapa. Mninga, mvule na mtiki huwa na dawa zao za asili, lakini zimo kwenye kiini tu. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gamba huoza na kuliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni mninga mtupu. Mtiki uliovunwa ukiwa mchanga huwa na sehemu kubwa ya weupe huo, na mnunuzi wa mbao za mashamba kama yale ya Longuza mkoani Tanga au Mtibwa mkoani Morogoro hana budi kuutazama ubao pande zote mbili. Paini, ambayo nyingi nchini Tanzania hutoka Sao Hill wilayani Mufindi, haifai nje hata kidogo isipokuwa imetiwa dawa kwa shinikizo kiwandani.

Wakati mzuri wa kazi hii pwani ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya masika kukatika na kabla ya vuli. Hewa ni kavu kiasi, jua si kali mno, na mbao hupata nafasi ya kutoa maji iliyoyanywa. Bahati mbaya, watu wengi huikumbuka kazi hiyo Desemba, baada ya mvua za vuli, mbao zikiwa bado zimelowa.

Kazi yenyewe huanza kwa kusafisha. Maji, sabuni na brashi ya nailoni vyatosha, pakiwa na ukungu mweusi paachwe sabuni kwa dakika chache kabla ya kusugua. Isitumiwe sufu ya chuma wala brashi ya waya. Vipande vidogo vya chuma hubaki kwenye nyuzi, na vikikutana na maji na tanini iliyomo katika mbao kama mkongo na mtiki huacha madoa meusi. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu nayo huchimbua nyuzi na kuuacha ubao na manyoya.

Baada ya kuosha, kibaraza kiachwe kikauke kwa siku kadhaa za jua. Ikiwa kuna vanishi ya zamani, yote iondolewe kwa kikwangulio na msasa. Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayomshawishi fundi aliyepatana kwa bei ndogo kupaka juu ya iliyopo. Afadhali mwenye nyumba alipe siku mbili zaidi za kukwangua kuliko kopo zima la vanishi ya gharama.

Misumari yote iliyochomoza ipigwe na kuzama kabla ya kuanza kusugua, vinginevyo kila karatasi ya msasa itachanika. Msasa namba 60 hutangulia, ukafuatiwa na namba 80, daima kwa kufuata nyuzi. Mtu asiendelee na namba za juu zaidi akidhani analainisha. Ubao wa kabati husuguliwa mpaka uteleze, lakini ubao wa kibaraza ukilainika mno hukataa kunyonya mafuta, na mvua ikinyesha huangusha watu.

Mafuta yafaayo ni yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbao za nje, yenye rangi kidogo ndani yake. Chembe za rangi ndizo zinazozuia mionzi ya jua. Mafuta meupe kabisa hayazuii kitu. Yapakwe kwa tabaka jembamba asubuhi au alasiri, mbao zikiwa kivulini, na baada ya dakika 15 hadi 20 yale yasiyonywewa yafutwe kwa kitambaa. Mafuta yaliyoachwa juu hukauka yakawa ganda lenye kunata, tukarudi kule kule kwenye vanishi. Ncha za ubao zipakwe mara mbili au tatu, kwani huko ndiko maji hunywewa haraka zaidi.

Wapo wanaopaka oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa. Oili hiyo haikauki, huchafua miguu na mikeka, na ina masalia ya vyuma na kemikali ambayo hayastahili kuwa mahali wanapocheza watoto. Mafuta ya kupikia nayo huchacha na kulisha ukungu.

Ili kujua kama kazi inahitaji kurudiwa, yadondoshwe matone machache ya maji juu ya ubao. Yakikaa kama shanga, bado kuna kinga. Yakizama na kuacha doa la giza, wakati umefika. Kibaraza kisicho na paa huenda kikahitaji mafuta kila mwaka, na kilichofunikwa na paa hukaa zaidi. Kwa kuwa hakuna ganda la kubandua, marudio hayo ni kazi ya siku moja: kuosha, kukausha na kupaka.

Yako mambo ya usalama ambayo mafundi wengi huyapuuza. Vumbi la mbao liliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka 1995 kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Anayepiga msasa afunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, si kwa leso.

Aidha, mbao nyingi zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki. Watengenezaji wa Marekani waliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa mwaka 2003. Kibaraza kilichokwishajengwa hakina haja ya kubomolewa kwa ajili hiyo, lakini vipande vilivyokatwa visipelekwe jikoni kuwa kuni. Moshi wake hubeba arseniki na majivu yake hubaki kuwa sumu. Mbaya zaidi, vipande hivyo ndivyo ambavyo jirani au mlinzi huviomba kwanza.

La mwisho ni vitambaa vya kufutia mafuta. Mafuta ya kitani, ambayo yamo katika mchanganyiko wa mafuta mengi ya mbao, hukauka kwa kuvuta oksijeni na kutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo hewani. Vilivyorundikwa pamoja hulihifadhi mpaka vikawaka vyenyewe, bila kiberiti wala sigara.

Februari 23, 1991, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani. Chanzo kilikuwa vitambaa vyenye mafuta ya kitani vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakitengeneza upya mbao za ukutani. Askari watatu wa zimamoto walifariki dunia, na jengo hilo lenye ghorofa 38 halikutumika tena hadi lilipobomolewa mwaka 1999.

Vitambaa hivyo vitandazwe kimoja kimoja nje, mbali na nyumba, mpaka vikakamae kama gamba, au vitumbukizwe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko kabla ya kutupwa. Visiachwe vimekunjwa kwenye kona ya stoo hata kwa usiku mmoja.